Jibu: Kumtuliza mtoto kwa shairi

Dada, umeuliza mtoto wa miaka 5 afundishweje utulivu bila kukalishwa kama yuko darasani. Usimkalishe! Mtoe nje asubuhi, mkae chini ya mti, mfumbe macho, kila mmoja ataje sauti tatu alizosikia. Wangu huanza na kunguru, kila siku kunguru. Kisha tungeni kipande kimoja, yaani nusu ya mstari wa shairi, mkihesabu mizani (silabi) kwa vidole: u-pe-po-wa-pi-ta-ju-u. Nane kamili, kama kipande cha shairi letu la kawaida. Wangu akihesabu vidole hutulia mwenyewe, bila kuambiwa. Vina (silabi za mwisho zinazofanana) na beti za mishororo, yaani mistari, minne visubiri, bado mdogo. Dakika tano zatosha. Akichoka mapema, mwache akimbize vipepeo.