Umepangiwa Maabara Badala ya Udaktari? Soma Hii Kabla Hujaripoti Chuo

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa vyuo yakitoka, wadogo zangu waliosoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) hunitumia ujumbe wa aina moja: "Dada, nimekosa udaktari, nimepata sayansi ya maabara. Nifanyeje?" Jibu langu halibadiliki. Nenda, lakini nenda mzima. Kozi hii nimeisoma, na wengi niliowaona wakidisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza walikuwa na uwezo kabisa. Walikuwa wanasubiri kuhama tu. Kozi haimsubiri mtu: anatomia, fiziolojia na biokemia huanza mapema, na bumu, ile pesa ya mkopo, likichelewa zenyewe zinaendelea.

Biokemia ndiyo inayotesa wengi, kwa sababu wanaikariri usiku wa kuamkia mtihani. Ianzishe wodini. Mgonjwa wa kisukari amezidiwa, kwa nini anahema kwa nguvu? Insulini imepungua, mwili unachoma mafuta, ketoni zinajaa, damu inakuwa na asidi, na mapafu yanapambana kuipunguza kwa kutoa kabonidayoksaidi. Chora mtiririko huo kwa kalamu yako mwenyewe hadi uweze kumweleza mwenzako bila daftari.

Ila masomo yenyewe hasa yako kwenye hadubini. Chukua kipimo cha malaria, ambacho kila mtu anadhani ni chepesi. Unaandaa tone nene na utando mwembamba wa damu kwenye slaidi. Utando unaupitisha kwenye methanoli. Tone nene methanoli isiliguse, maana chembe nyekundu zinatakiwa kupasuka ili vimelea vionekane. Halafu rangi ya Giemsa, iliyochanganywa na bafa (maji yanayoshikilia kiwango cha asidi) ya pH 7.2. Bafa ikizidi asidi, slaidi inaiva pinki na ile bluu ya kimelea inafifia, hata uking'ang'ania vipi kwenye lenzi. Na kabla hujaandika kwamba hakuna vimelea, unatakiwa kupitia angalau nyuga 100, yaani maeneo ya slaidi unayoyaona moja moja, kwa lenzi ya mafuta. Ukifika ya ishirini shingo inauma na sampuli zinazidi kuletwa. Hapo ndipo utakapojijua wewe ni mtu wa namna gani, kwa sababu daktari ataliamini jibu lako na mtoto mwenye homa atatibiwa kwa kulifuata.

Kwa hiyo kwenye praktiko, usikubali kuwa yule anayeandika wakati wenzake wanashika pipeti. Shika wewe. Msalimie mteknolojia wa maabara vizuri, shikamoo ya kweli, na umwombe ubaki baada ya kipindi. Wengi wao hawana uchoyo, na mikono yao imeona slaidi nyingi kuliko vitabu vyetu vyote.

Takwimu nazo usizidharau, hata kama ulikimbia hesabu. Chanjo za malaria RTS,S na R21 zote zilifanyiwa majaribio Bagamoyo pia, na kazi kama hizo zinahitaji watu wa kusoma slaidi na watu wa kuelewa namba zinazotokana nazo. Ukiyaweza yote mawili, milango ya utafiti iko wazi kwako kama ilivyo ya hospitali.

Utafiti wako wa mwaka wa mwisho anza kuufikiria mapema. Chagua swali ambalo sampuli zake zinapatikana hospitali unayofanyia mazoezi, na kibali cha maadili kiombe mapema kabisa. Hicho ndicho huwachelewesha wengi.