Fedha za sare: usiandike kundini kwanza

Dada yangu wa Wete, Pemba, nimekuelewa: umeambiwa mhazini wa kwaya amekula mchango wa sare, nawe unataka kuliweka kwenye kundi la WhatsApp. Subiri. Mithali 18:17 inaonya kuwa anayesema kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake amhoji.

Muulize aliyekuambia: aliona, au alisikia? Kisha mwendee mhazini faraghani (Mathayo 18:15), uombe kitabu cha stakabadhi, risiti za fundi na miamala ya simu. Jumlisha mwenyewe, huenda pengo ni malipo ya awali yasiyoandikwa. Akikataa, rudi na mmoja au wawili, halafu kanisa. Wakristo wa Pemba tu wachache, jina likichafuka halisafishiki upesi.

Wizi ukionekana, muone mwanasheria kabla ya kutangaza chochote.