Dizeli ikivuja kwenye injini ya boti, usikimbilie spana

Injini nyingi za boti hapa Mombasa huharibiwa na kukaza tu. Tone likionekana chini ya nati, mtu anakaza. Kesho linavuja zaidi, anakaza tena. Kumbe kilichochoka ni washa, ile pete bapa ya shaba ya kuzibia, na sasa uzi wa bolti nao umeanza kuliwa.

Zima kwanza pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti. Ikiwa inajiwasha yenyewe, itamwaga dizeli yote kwenye maji ya Tudor au Bandari ya Kale, mahali watu wanapovua. Kisha pangusa injini mpaka ikauke kabisa, zungushia shashi nyeupe kila kiungo, uiwashe. Shashi inayolowa ya kwanza ndiyo yenye jibu. Dizeli huteremka, kwa hiyo ifuate kwenda juu.

Kwenye paipu za nozeli, zile zinazopeleka dizeli kwenye vipulizio vya silinda, usipapase kwa kidole injini ikiwaka, tafadhali sana. Shinikizo la humo huzidi baa 150, na mchirizi mwembamba hutoboa ngozi. Tumia kadibodi. Dizeli ikiingia mwilini, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama tundu ni dogo kama nukta na haliumi.

Bolti yenye tundu katikati hukaa na washa mbili, moja kila upande wa kiungo. Badilisha zote mbili. Ukiwa mbali na duka la spea, washa ya shaba tupu ichome hadi iwe nyekundu, itumbukize majini, isugue kwa msasa laini. Italainika na kuziba tena. Yenye mpira ndani haichomwi.

Paipu ya chuma hupata kutu chini ya vibanio, kwa sababu chumvi hujificha hapo. Ikipasuka, usiichomelee; nunua mpya, na urudishe vibanio vyote, la sivyo mtetemo utaikata. Unapofungua nati, shika kwa spana mbili.

Uvujaji wa kati ya tanki na pampu ndogo ya kuvuta mafuta hudanganya: injini ikiwaka haidondoshi kitu, inavuta hewa, mwendo unapanda na kushuka kisha inazima. Kagua pia kiwambo cha mpira ndani ya pampu hiyo. Kikitoboka, dizeli huweza kuingia kwenye oili. Oili ikipanda kwenye kijiti cha kuipimia na kunuka dizeli, usiwashe injini mpaka ubadilishe kiwambo, oili na filta yake.

Baada ya kufunga, toa hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli. Ikikataa kuwaka, legeza nati za nozeli kidogo, zungusha stata, kaza dizeli inaporuka.

Kama ekzosi inapozwa kwa maji, funga vali ya maji ya bahari wakati wa kuzungusha stata kwa muda mrefu, na uifungue mara tu injini inapowaka. Maji yasiyosukumwa nje na moshi hujaa kwenye ekzosi na kurudi ndani ya silinda.