Kibubu Kimejaa: Sasa Pesa Zielekee Wapi?

SWALI: Assalaam aleikum, mshauri wetu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, na kila alfajiri nauza mahamri na mbaazi mlangoni kwangu. Kwa muda wa miezi sita nimekuwa nikitia shilingi 200 kwa siku, siku sita za juma, katika kopo la maziwa ambalo nililitoboa tundu kwa kisu. Juma lililopita tulilifungua, tukazihesabu pesa juu ya mkeka mimi na mume wangu, zikatimia shilingi 30,000, noti nyingine zikinukia iliki. Mume wangu ni mhudumu wa mkataba katika hoteli moja ya Bamburi, na baada ya Pasaka wageni wakipungua husimamishwa kazi kwa miezi mitatu hivi. Matumizi yetu ya lazima, yaani kodi, chakula, maji, karo na nauli, ni kama shilingi 24,000 kwa mwezi, na biashara yangu huniachia faida ya shilingi 700 kwa siku. Tuna deni la mkopo wa simu la shilingi 8,000, ambalo kila mwezi nalilipa kisha nalichukua tena kwa ada ya shilingi 600, na deni jingine la shilingi 6,500 la nguo za Idi katika duka la mtaani. Shemeji yangu anataka pesa zote ziwe malipo ya kwanza ya kiwanja Kwale. Jirani yangu anasema tuziweke mahali zizae. Mimi naogopa hata kuzigusa. Tufanye nini? – Mama wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kwanza nikupe mkono wa hongera, wewe na mumeo, kwa sababu majuma 25 ya kutoa shilingi 1,200 bila kukosa, katika nyumba yenye watoto wawili, ni kazi ambayo wenye mishahara mikubwa huishindwa. Hofu yako ya kuzigusa naielewa na naiheshimu. Hata hivyo, nakuomba uchukue shilingi 8,000 kutoka kwenye hizo 30,000 na ulipe ule mkopo wa simu leo, kabla ya jambo lolote jingine.

Sababu yake ni hesabu ndogo tu. Ada ya shilingi 600 kwa deni la 8,000 ni asilimia 7.5, na kwa kuwa unaitoa kila mwezi, kwa mwaka umetoa shilingi 7,200, karibu sawa na deni lenyewe, na deni bado liko palepale. Sasa chukua pesa zako zote 30,000 uziweke penye faida ya asilimia 6 kwa mwaka: zitakupa shilingi 150 kwa mwezi, tena kabla ya kukatwa kodi. Huyo jirani anayetaka pesa zizae anakuomba upokee 150 kwa mkono wa kulia huku ukitoa 600 kwa mkono wa kushoto. Hapa Mombasa sijui biashara halali wala akaunti ya benki inayoweza kumhakikishia mtu asilimia 7.5 kwa mwezi, na kwa hiyo kulifuta deni hilo ndiyo faida kubwa kuliko zote zilizo mbele yako. Ukishalilipa usilichukue tena. Na kama unajijua kwamba ujumbe wa kukuongezea kiwango cha mkopo hukushawishi, mpigie mtoa huduma na uombe akufungie huduma hiyo.

Deni la nguo si la namna moja na hilo, kwa maana halina ada, lakini wenyewe wanasema dawa ya deni kulipa, na mwenye duka ni jirani yako ambaye kesho unaweza kumhitaji. Nenda wewe mwenyewe, usimtume mtoto, umwambie kwamba utampa shilingi 500 kila Jumamosi kwa majuma 13, na uandikishe kila malipo katika daftari lake na lako. Shilingi 700 zinazobaki katika zile 1,200 za juma ziendelee kuingia katika akiba.

Baada ya hapo umebaki na shilingi 22,000, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Vitabu vingi vya mambo ya fedha humwambia kila mtu aweke akiba ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita, na kwako wewe hizo zingekuwa shilingi 72,000 hadi 144,000. Mama anayeuza mahamri akisikia tarakimu hizo huvunjika moyo na kuacha. Lakini ninyi hamkosi kipato chote kwa wakati mmoja. Mnachokosa ni mshahara wa baba katika miezi ya masika, na hilo mnalijua tangu sasa. Faida ya shilingi 700 kwa siku 26 za kazi ni shilingi 18,200. Ukiitoa katika matumizi ya 24,000, pengo ni shilingi 5,800 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu ni shilingi 17,400. Kwa hiyo kituo chenu cha kwanza mmeshakifikia: hizo 22,000 zinaziba pengo la masika na kubakiza shilingi 4,600 kwa ugonjwa au msiba. Shabaha ya mwaka ujao iwe kulifikisha fungu hilo shilingi 40,000 kabla ya Pasaka, kwa sababu siku za mvua kubwa watu hawatoki na huenda hata mahamri yenyewe yasiuzike yote.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo. Mwezi wa Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilipozuiwa na hoteli za Pwani zikafunga milango, nyumbani kwetu tulikuwa na kiwanja kilicholipiwa nusu na hatukuwa na akiba yoyote. Mwezi wa Mei tuliuza cherehani ya mama yangu, ile ya miguu, kwa bei ambayo mpaka leo sipendi kuitaja, ilhali kiwanja hakikuuzika hata kwa nusu ya tulichokilipia. Kwa hiyo shemeji yako mwambie kwa heshima kwamba kiwanja mtakifikiria, si kwa pesa hizi. Siku itakapofika, usilipe hata senti moja kabla ya kufanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi ya kaunti husika, na kumwona anayeuza kuwa ndiye aliyeandikwa kwenye hati.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni afya, kwa kuwa kitanda kimoja cha hospitali humeza akiba ya mwaka mzima. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo hukata asilimia 2.75 ya mshahara wa mwajiriwa. Piga *147# na uhakikishe kwamba wewe na watoto mmeandikwa kama wategemezi wa mumeo. Kisha muulizeni mwajiri wake, mapema na waziwazi, makato hayo yanakuwaje katika miezi anayosimamishwa. Asiye na mwajiri hukadiriwa kipato chake na hulipa mwenyewe, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na malipo hayo huhesabiwa kwa mwaka mzima. Kama itawabidi kuingia njia hiyo, zitengeni pesa hizo sasa.

Kuhusu mahali pa kuziweka, kopo limefanya kazi yake na listaafu, maana mwizi na moto havina huruma. Hizo 22,000 ziweke katika akaunti ya akiba ya benki, isiyo na makato ya mwezi na isiyofungamana na simu unayolipia dukani. Amana katika benki zenye leseni zina bima ya Shirika la Bima ya Amana la Kenya hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye akaunti katika benki moja. Kama hoteli ya mumeo ina Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, ni jambo jema ajiunge mara deni la nguo litakapokwisha, kwa sababu huko mwanachama kwa kawaida hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake, na riba iliyozoeleka ni asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalopungua. Hata hivyo, elewa kwamba akiba ya Sacco ndiyo dhamana ya mikopo na huwezi kuichota ukitaka. Mara nyingi huipati mpaka ujitoe uanachama na usubiri. Kwa hiyo Sacco ni ya hatua inayofuata, na haiwezi kuchukua nafasi ya fungu la masika.

SWALI: Mimi ni kijana wa Changamwe, naendesha tuktuk ya mtu na kila jioni nampelekea hesabu. Nimejiwekea shilingi 20,000. Kuna anayeniuzia tuktuk kwa malipo ya kidogo kidogo, anataka hizo 20,000 kwanza. Tena mimi sitaki kabisa mambo ya riba. Nichukue? – Dereva, Changamwe

JIBU: Kijana wangu, nia ya kuwa na chombo chako ni njema, lakini kwa pesa hizi na kwa leo jibu langu ni usichukue. Maadamu unaendesha chombo cha mtu, klachi ikifa mwenye tuktuk ndiye anayekwenda gereji, nawe unapoteza siku moja au mbili za kazi. Siku utakapokuwa na chako, klachi ni yako, tairi ni lako, bima ya chombo cha abiria ni yako, na tarehe ya malipo haisubiri fundi amalize. Mtu akitoa akiba yake yote kuwa malipo ya kwanza, tatizo la kwanza la injini humrudisha kwenye mkopo, na nimewaona madereva wawili wa mtaa wangu wakinyang'anywa chombo walichokwisha kukilipia zaidi ya nusu. Hizo 20,000 zihesabu kuwa fungu la dharura lisiloguswa, ulipie SHA yako humo kwa kuwa huna mwajiri, kisha fungua fungu la pili lenye jina la tuktuk, uanze kulijaza kutoka kile kinachobaki baada ya hesabu.

Kuhusu riba, una njia na huna haja ya kuficha pesa chini ya godoro. Benki zinazofuata sharia ya Kiislamu zimekuwepo nchini tangu mwaka 2008 na zina matawi hapa Mombasa. Katika akaunti ya mudharaba, benki huzifanyia biashara pesa zako na mkagawana faida kwa uwiano mliokubaliana mwanzoni; kiasi cha faida hakijulikani mapema, na huenda mwezi mwingine kikawa kidogo sana. Fungu lako la pili likikua, uliza habari za murabaha: benki hukinunua chombo, kisha hukuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, unailipa kwa awamu, na bei hiyo haipandi hata ukichelewa. Huyo anayetaka 20,000 zako muulize maswali mawili tu, bei ya jumla ni ngapi na itakuwaje ukikosa mwezi mmoja, na umwombe akuandikie majibu.

SWALI: Sisi ni kina mama 12 wa Likoni, tunacheza mchezo wa shilingi 2,000 kila mwezi. Zamu yangu ni Novemba. Je, naweza kusema ninayo akiba? – Mama Likoni

JIBU: Dada yangu, unacho kitu kizuri, ila si akiba ya dharura. Novemba utapokea shilingi 24,000 kwa mkupuo, na kwa jambo lenye tarehe, kama karo na sare za Januari, hakuna njia tamu kuliko hiyo. Lakini mtoto akiugua mwezi wa Mei, pesa zako ziko mikononi mwa mwenzako aliyeshanunua kabati. Pendekeza kwa wenzako kwamba kila mmoja aongeze shilingi 100 kwa mwezi zisizoingia katika zamu. Zitakuwa 1,200 kwa mwezi na 14,400 kwa mwaka, ziwekwe katika akaunti ya kikundi yenye watia sahihi wawili, na atakayepatwa akopeshwe humo bila nyongeza, arudishe kwa muda mliopatana. Andikeni sharti hilo katika daftari la mchezo kabla ya mzunguko mpya kuanza, wote mkiwapo, kwa sababu ni vigumu kulizungumza vizuri siku ambayo tayari mmoja wenu analia.