Mkono ni "hand" au "arm"?

SWALI: Mambo ticha, mi napiga kazi hotelini Zanzibar, juzi nimeumia hapa juu ya kiwiko nikamwambia mgeni mmoja wa Uingereza "I hurt my hand", basi akabaki kukodolea kiganja changu tu haoni kidonda. Kwani mkono si ndo hand jamani?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Ni hand ila sio wote, sisi mkono wetu unaanzia begani mpaka kwenye kucha, wenzetu wameukata vipande viwili, kuanzia kifundo cha mkono kushuka mpaka ncha za vidole ndo hand, kutoka hapo kupanda mpaka begani ni arm, kwahiyo wewe uliumia arm.

Mguu nao hivyohivyo, chini ya kifundo ni foot, wakiwa wawili feet (sio foots!), huko juu ni leg. Ndo maana ukivua viatu ukasema "my legs smell" watu watashangaa, manake umewaambia unanuka mpaka mapajani, hahaha.

Na vidole, vya mkononi finger, vya mguuni toe, ila gumba la mkononi lina jina lake kabisa, thumb, la mguuni eti ni "big toe" tu, sijui lilikosa nini.

Ila usijione mnyonge, na wao wakija kwetu wanakoma, mpunga, mchele, wali, vyote kwao ni rice. Utamsikia mgeni anaagiza mchele na kuku.