Baba alizimia nusu dakika tu, tukasema ni njaa

Kilichotudanganya ni miguu. Baba alikuwa na moyo uliofeli, na sisi nyumbani tulishazoea kufukuzana na maji tu, yale yanayojaa mwilini moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri: asubuhi akitoka chooni kabla hajala anapanda mzani, akiongezeka kilo 2 ndani ya wiki tunampigia daktari, tunabonyeza kifundo cha mguu tuone kidole kinaacha shimo au la, tunahesabu na mito. Mito msiidharau jamani, mtu alikuwa analalia mmoja sasa anataka mitatu, au anakurupuka usiku wa manane anatafuta hewa, ujue maji yameshafika kwenye mapafu, na akikohoa povu lenye rangi ya damu hapo hata simu ya daktari achana nayo, kimbizeni hospitali.

Sasa wiki ile uzito uko sawa, miguu imenywea, kila mtu ana furaha. Akadondoka sebuleni. Hakulalamika kizunguzungu wala nini, pu, chini, nusu dakika anafumbua macho anauliza mbona mnaniangalia hivyo? Tukacheka, tukamletea chakula. Siku tisa baadaye akafia usingizini.

Nilikuja kuelewa nimeshachelewa kwamba maji ni kitu kingine na umeme wa moyo, ule unaoendesha mapigo, ni kitu kingine. Moyo dhaifu unaweza ukaanza kwenda mbio ovyo ovyo mpaka damu haifiki kichwani, mtu anazimia, ukijirudi wenyewe anaamka kama hakuna kilichotokea, siku usipojirudi ndo basi. Kwa hiyo mgonjwa wa moyo akizimia ghafla, hasa akiwa anatembea au anafanya kazi, mpelekeni siku hiyohiyo, apimwe umeme wa moyo, apimwe na potasiamu (madini ya kwenye damu yanayosaidia mapigo yaende sawa) maana dawa za kukojoza huwa zinaishusha. Muulizeni daktari ile eko (ultrasound ya moyo) ilisoma moyo unasukuma nje asilimia ngapi ya damu kila pigo, kama ni 35 kushuka chini ulizeni kuhusu kile kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani. Sisi hatukuuliza. (Na wapo wanaoondoka bila dalili yoyote, sitawadanganya.)

Halafu jifunzeni kukandamiza kifua, nyumba nzima, ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, pale katikati, kwa nguvu, huku mwingine anaita msaada. Mtu haamki, haitiki, ila anavuta pumzi moja moja kama anakoroma, huyo hapumui, anzeni kukandamiza. Usiku ule mama aliusikia huo mkoromo, akajua baba kapata usingizi mzuri, akamfunika vizuri akalala.