Mama Fundi Anajibu: Kibonye Kimoja Kwanza

Mwezi huu nimejibu barua tatu. Zote zilinifikia hapa Shangani, Mtwara, na zote ni za piano, wala si za vinanda vya umeme. Nimefurahi sana, kwa sababu piano za mikoa yetu ni chache na mafundi wake ni wachache zaidi.

*Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya, Lindi mjini. Piano yetu ni ile ya kusimama. Kila mvua zikianza vibonye vinakuwa vizito, vingine vikibonyezwa havirudi. Mzee wetu mmoja wa kanisa alitia mafuta ya nazi sehemu zote zinazocheza. Siku chache mambo yalikuwa mazuri, sasa ni mabaya kuliko mwanzo. Tufanyeje?* — Mwalimu wa kwaya, Lindi

Marahaba, mwalimu. Msimlaumu mzee wenu. Nikiwa na miaka ishirini na miwili nilitia mafuta ya cherehani kwenye bawaba zote za nyundo, vile vijiti vya ndani vinavyogonga nyuzi, za piano ya kanisa moja, bawaba 88. Ikapigika vizuri wiki mbili, kisha ikaganda. Kwaresima nzima nilikaa chini ya dirisha la sakristia nikitoa pini moja baada ya nyingine, na mpaka leo nikisikia mtu anataja mafuta na piano pamoja, moyo unashtuka.

Ndani ya kila bawaba kuna tundu lililovikwa kitambaa cha sufu, na katikati yake inapita pini nyembamba, unene kama milimita 1.27. Sufu inakunywa unyevu. Upepo wa bahari na mvua vikikutana, kitambaa kinavimba na kuibana pini. Ukiongeza mafuta, kitambaa kinavimba zaidi, halafu kinashika vumbi, na vumbi na mafuta vikikaa pamoja vinageuka ulimbo.

Lakini kabla ya kusema bawaba ndizo wagonjwa, pima. Fungua kifuniko cha mbele, isukume nyundo kwa kidole kuelekea kwenye nyuzi, kisha iachie. Ikirudi kwa uvivu, ugonjwa uko kwenye bawaba. Ikirudi upesi lakini kibonye kimebaki chini, basi tatizo ni kibonye chenyewe: kimebanwa kwenye moja ya pini zinazokiongoza kutoka chini, ya katikati au ya mbele, au kinasuguana na jirani yake. Nimeona watu wakikwangua vibonye siku nzima kumbe shida iko juu kwenye nyundo.

Bawaba zilizokunywa mafuta ya nazi hazina njia ya mkato. Pini itoke, kitambaa kitolewe, kiwekwe kipya na pini inayokitosha. Anzeni na vibonye vya katikati ambavyo kwaya inavitumia kila Jumapili, vya pembeni vitasubiri. Na ihamisheni piano kutoka kwenye dirisha linalotazama bahari. Wengi wetu wakati wa mvua huweka ndani, sehemu ya chini, balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 25, inawaka usiku na mchana, mbali na mbao na vitambaa, na waya wake uwe mzima. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, hazitoi joto la kutosha.

*Mama Fundi, salaam. Babu yetu aliacha piano Mikindani. Vibonye vyeupe vinasemekana ni pembe za ndovu. Kuna mtu anataka kununua zile pembe tu, bila piano. Nibandue?* — Mjukuu, Mikindani

Usibandue, mwanangu. Kwanza hakikisha: kwenye pembe ya kweli mara nyingi utaona mstari mwembamba sana unaokata kibonye, pale kipande cha mbele kinapokutana na mkia wa nyuma unaoingia kati ya vibonye vyeusi. Plastiki huwa ni kipande kimoja.

Kama ni pembe, jua umeshika nini. Karne ya 19 misafara ilitelemsha pembe kutoka bara hadi bandari za pwani yetu, na Mikindani ilikuwa mojawapo. Baadhi zilibebwa na watu waliofungwa. Zikaenda Unguja, kutoka hapo zikavuka mpaka Connecticut, Marekani, ambako miji ya Deep River na Ivoryton ilikuwa ikizipasua kuwa vibonye vya piano. Kwa hiyo pembe hizo huenda zilipita bandarini kwenu zikienda, na zikapita tena zikirudi. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuomba marufuku hiyo. Mwambie huyo mnunuzi hapana, na uende ofisi ya maliasili ukawaeleze ulichonacho kabla hujafanya lolote. Kimoja kikibanduka chenyewe, kiweke kwenye bahasha na uandike namba ya kibonye chake.

*Shikamoo Mama. Mimi ni fundi pikipiki, Masasi, nina miaka 24. Paroko ameniomba niangalie piano ya parokia kwa kuwa nina mkono wa vyuma vidogo. Niliona skrubu zenye kichwa cha pete, zimepangana mstari mmoja, nikazungusha kumi na mbili nikidhani zinakaza. Sasa noti hizo nikibonyeza inasikika "dup" tu, nyundo inang'ang'ania kwenye nyuzi. Nataka kuijua kazi hii vizuri. Naanzia wapi, na kuna shule?* — Fundi wa Masasi

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu umetaja idadi ya skrubu ulizozigusa. Anayekumbuka alichogusa anafundishika.

Skrubu hizo ndizo zinazoamua nyundo iachiwe wapi. Unapobonyeza, kijiti kidogo tunachokiita jeki kinaisukuma nyundo kuelekea kwenye nyuzi. Ikibaki milimita kama 3 kufika, jeki lazima iteleze itoke, na nyundo imalizie safari kwa mwendo wake yenyewe, igonge, irudi. Mtoto anayerusha jiwe kuangusha embe asipofungua kiganja, jiwe haliendi kokote. Wewe umekizuia kiganja kisifunguke. Jeki inaendelea kusukuma, nyundo inabanwa kwenye nyuzi, sauti inakufa. Bartolomeo Cristofori wa Italia alipotengeneza piano ya kwanza, karibu mwaka 1700, hili ndilo fumbo alilolifumbua, na bila hilo piano isingekuwepo. Teremsha vile vidude vilivyo kwenye ncha za skrubu kidogo kidogo, robo mzunguko, huku ukibonyeza polepole sana na kuitazama nyundo. Itafika karibu, itasita, itarudi nyuma. Pale inaposita ndipo pa kupima.

Lakini usiishie hapo, maana umeniuliza kazi, hukuniuliza kiraka. Kwenye pikipiki huseti tapeti kabla hujahakikisha pistoni imefika juu, hata ukiwa na fila geji (kipimo cha mianya myembamba) nzuri namna gani. Piano nayo ina utaratibu wake. Safisha, kaza skrubu zote za bawaba, maana kiangazi mbao hunywea na skrubu hulegea, na hakikisha kila nyundo inazielekea nyuzi zake. Kisha usawa wa vibonye, kwa washa (pete nyembamba) za karatasi zinazowekwa chini yake kwenye pini ya katikati. Kisha umbali wa nyundo kutoka kwenye nyuzi, kama milimita 45. Halafu ondoa plei, yaani mwanya wa bure, kati ya kibonye na mashine ya juu yenye jeki na nyundo: kibonye kikianza tu kushuka, nyundo ianze kutikisika, lakini isiwe imenyanyuliwa kutoka kwenye mto wake. Ndipo kina cha kibonye, karibu milimita 10, kwa washa za karatasi za mbele. Ndipo zile skrubu zako kumi na mbili. Halafu mahali nyundo inaponaswa ikirudi, milimita kama 15 kutoka kwenye nyuzi. Vile vijiko vya nyuma vinavyoondoa vizima sauti usiviguse kabisa mwaka huu. Vinakunjwa kwa chombo maalumu na vikivunjika utalia.

Jambo linalowashinda wanafunzi wengi ni kwamba kila hatua inavuta nyingine. Ukishusha usawa wa vibonye, plei inarudi. Ukisogeza nyundo mbali na nyuzi, kina kilichokuwa kinatosha hakitoshi tena, jeki haitoki. Ndiyo maana mimi hupita mara mbili: mara ya kwanza kwa makadirio, mara ya pili kwa rula. Anayetaka kumaliza kwa mara moja atazunguka miezi.

Mimi nilifundishwa na bruda mmoja Mjerumani kwenye karakana ya misheni. Hakunipa piano. Alinipa mfano wa kibonye kimoja, mti mtupu, jeki yake, nyundo yake, uzi mmoja. Miezi mitatu nilikiseti asubuhi, jioni yeye anakivuruga. Nilichukia. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago vya mpingo Newala, na jioni moja aliushika ule mfano, akauinua kwenye mwanga wa mlango kama anavyoinua kinyago, akasema upande huu umeinama. Nilipima. Ulikuwa umeinama kwa unene wa karatasi. Tangu siku ile sijaseti kibonye bila kukitazama kwanza kwenye mwanga, kisha ndiyo napima.

Kwenye piano nzima fanya hivyohivyo: chagua vibonye vya mwanzo na vya mwisho wa kila kundi, viseti kwa uangalifu wote ulionao, kisha weka rula ndefu iliyonyooka juu yake na uvilete vya katikati vifuate. Ukianza namba 1 ukaenda hadi 88 bila mfano wa kufuata, mkono utakuwa unapanda au kushuka kidogo kidogo na hutajua.

Shule zipo, ila ziko mbali. Ujerumani mtu husomea kutengeneza piano miaka mitatu na nusu, karakana na darasa pamoja, na shule yao iko Ludwigsburg. Uingereza, Newark imejulikana miaka mingi kwa somo hili, na Boston kuna North Bennet Street School. Chama cha mafundi cha Marekani, Piano Technicians Guild, kina mitihani mitatu: wa maandishi, wa kutyuni (kupatanisha sauti za nyuzi), na wa ufundi, ambapo mtahiniwa anaseti mashine ya piano ya kusimama na ya kulala huku saa inahesabu. Hiyo ya kulala ina mtambo wa Érard, mtengeneza piano wa Ufaransa, wa mwaka 1821 unaoruhusu noti kurudiwa kabla kibonye hakijapanda chote, kwa hiyo hatua zake ni nyingi zaidi. Hiyo tutaizungumza ukishaijua ya kusimama.

Nauli ya Ludwigsburg sina, nawe huna. Fanya hivi. Mwombe paroko asipigishe piano mpaka kipupwe. Tafuta seremala hapo Masasi akukatie mfano wa kibonye kimoja kwa mninga mkavu. Vipimo vyote chukua kwenye piano ya parokia kwa rula ya chuma, bila kuchomoa kitu. Mwezi wa saba panda basi uje Mtwara na mfano wako, bisibisi zako na fila geji yako, nikae nawe wiki mbili. Chakula kipo, mahali pa kulala papo, mume wangu ameshakubali. Kabla hujaja, niandikie namba tatu za mfano wako: kina cha kibonye, mahali nyundo inapoachiwa, na mahali inaponaswa. Usizirekebishe ili zinipendeze. Andika ulichopima.